Hard disk ya laptop iliyokufa, picha bado zaweza kutoka

Dadangu pole sana. Kama laptop imekufa bodi kwa hii hewa ya chumvi ya Lamu na fundi ashakutolea hard disk (diski inayohifadhi mafaili), basi picha za harusi ya mdogo wako yamkini zimo humo humo. Tafuta kebo ya SATA (plagi ya diski yenyewe) kwenda USB, hiyo diski ndogo ya inchi 2.5 inajitosheleza na umeme wa USB, ya inchi 3.5 ndio hutaka adapta yake ya volti 12. Chomeka kwa kompyuta nyengine, ingia folda ya Users, ukiambiwa huna ruhusa bonyeza Continue ungoje. Lakini nakuomba sana, ikitokea meseji ya kukutaka ufomati diski (yaani uifute uanze upya) USIKUBALI! Na tega sikio, ikigonga tik tik tik chomoa hapo hapo, kila ikizunguka kichwa kinachosoma data chaweza kuzidi kukwaruza sahani zilizomo ndani, na usimwache mtu aifungue mezani kwake maana vumbi tu latosha kuimaliza, hiyo ni ya wataalamu wa kuokoa data. Kama imetulia, nakili picha kwanza, filamu baadaye, na uziweke kwa diski nyengine. Ikitaka funguo ya BitLocker (kufuli ya Windows ya kufunga diski), ni tarakimu 48, angalia kwa akaunti yako ya Microsoft.