Mistari inapishana kwenye kioo, AutoCAD haioni makutano

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nachora ramani ya kiwanja cha Iyumbu, Dodoma, kwa AutoCAD, programu ya kuchora kwenye kompyuta, nikitumia pointi nilizoletewa na mpimaji. Mistari miwili ya mpaka inapishana waziwazi, lakini alama ya makutano haitokei na FILLET, amri ya kuunganisha mistari kwenye kona, inakataa. Cha ajabu, TRIM, amri ya kupunguza mistari, inakata. Tena bikoni moja, nguzo ya kuonyesha mpaka, imeng'olewa. Nina vipimo vya futi kamba tu kutoka bikoni mbili za jirani. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu. Hiyo TRIM ndiyo iliyotoboa siri. Mpangilio wa PROJMODE ukiwa 1, ambavyo ndivyo programu inavyokuja, TRIM huishusha mistari kwenye bapa la X na Y kabla ya kukata, haijali kimo. INTERSECTION, ile alama ya makutano uliyoikosa, inataka mistari iguse kweli, Z, yaani kimo, ikiwemo. Dodoma mjini iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari na mpimaji hukuletea pointi pamoja na kimo. Mstari mmoja ukipita kwenye 1,121.40 na mwingine 1,119.85, mita 1.55 zimeitenganisha, na wewe unayetazama kutoka juu huoni kitu.

Hakikisha kwanza: chagua mstari, bonyeza Ctrl+1 kufungua dirisha la sifa zake, soma Start Z na End Z.

Ramani ya mipaka haihitaji kimo, basi kiondoe. Ila tunza nakala ya faili, maana atakayechora kontua, mistari ya kuonyesha kimo, atakidai. Chagua mistari yote, andika 0 kwenye Start Z na End Z. Polilaini ya kawaida, yaani vipande vya mstari vilivyoungana kuwa kitu kimoja, ina Elevation moja tu. Ile ya 3D ipitishie FLATTEN, amri ya kulaza mchoro bapa. Kisha weka mpangilio wa OSNAPZ uwe 1, la sivyo utakachochora kwa kushika pointi zenye kimo kitarudi na kimo kile kile.

Kama huruhusiwi kugusa data, tumia APPARENT INTERSECTION, inayoshika makutano ya macho. Usiiwashe pamoja na INTERSECTION. Hutajua ni ipi imekupa pointi. Na mistari isiyofikiana? Andika INT, bofya wa kwanza, kisha wa pili: programu itairefusha kimawazo hadi ikutane.

Kwa bikoni iliyong'olewa, chora duara kwenye kila bikoni iliyobaki, nusu kipenyo kikiwa kipimo chako. Maduara hukutana mahali pawili, na mchoro wa zamani ndio unaokuambia upande ulio sahihi. Hapa wengi hujidanganya: kompyuta hutoa pointi yenye desimali nyingi hata kama vipimo ni hafifu. Maduara yakikatana kwa nyuzi 90, kosa la sentimita 2 kwenye kipimo kimoja husogeza pointi sentimita 2. Yakikatana kwa nyuzi 20, kosa hilo hilo huwa karibu sentimita 6, kwa kuwa linagawanywa na saini (sine) ya pembe. Kaa kati ya nyuzi 30 na 150, na upime kutoka bikoni ya tatu ili duara lake lithibitishe.

Z zote zikiwa 0 na mistari bado iko mbalimbali, tazama X na Y. Arc 1960 ikichanganywa na WGS84, misingi miwili tofauti ya kupimia mahali duniani, pointi huhama karibu mita 300. Dodoma mjini pia iko kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za ramani, lakini Kongwa imeangukia ya 37. Faili mbili za huko na huku hazitakutana mpaka moja ibadilishwe kanda.