Nunua pistoni kwanza, bloki ichongwe baadaye

Ukifungua injini ya matatu au pikapu yako, fundi atakwambia upeleke bloki, yaani mwili wa injini wenye silinda, kwa mashine silinda zichongwe kupanuliwa, kisha uende dukani kutafuta pistoni, vile vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda. Geuza hiyo ratiba. Nunua pistoni kwanza, zipeleke kwa fundi wa mashine pamoja na bloki, na umwombe azipime kabla hajachonga chochote. Mimi nauza spea hapa Nakuru. Wengi wanaorudi kwenye kaunta yangu wakinung'unika kwamba injini waliyoitengeneza juzi inakula oili, au inagonga ikiwa baridi asubuhi, ni wale waliotanguliza kuchonga.

"Nipe za 5L, hamsini," mtu ananiambia.

"Bloki iko wapi, mzee?"

"Ilichongwa jana, iko tayari."

Hapo sina la kumsaidia sana. Hamsini maana yake ni nusu milimita juu ya standadi, kipimo cha kiwandani. Silinda ya 5L, ile injini ya Hiace za zamani, ina kipenyo cha milimita 99.5. Ongeza nusu, unapata 100 kamili. Lakini hiyo 100 ni ya silinda. Pistoni lazima iwe ndogo kuliko hapo, na ni ndogo kwa kiasi gani, kila kiwanda kinaamua chenyewe kufuatana na madini kiliyotumia na umbo kililochagua. Boksi mbili zenye namba ileile zinaweza kutaka nafasi tofauti kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Fundi aliyechonga bila kuona pistoni amekisia, na kukosea kwa sehemu chache za mia za milimita kunatosha kuharibu kazi yote: ikibana, injini inashika, yaani pistoni inakwama, ikilegea, inagonga.

Kupima nako kuna njia yake. Pistoni si duara, hata ikionekana hivyo mkononi. Imetengenezwa kwa umbo la yai kidogo: upande inakopita pini inayoishikilia kwenye mkono wake (konrodi) ni mwembamba, na upande unaokatana na pini ndio mpana. Tena kichwani ni ndogo kuliko kwenye sketi, sehemu yake ya chini, kwa sababu kichwa ndicho kinachopata moto mkali na kuvimba zaidi. Injini ikishapata joto, yai lile hujaa likakaribia kuwa duara. Kwa hiyo maikromita, kifaa cha kupimia, inawekwa kwenye sketi, upande unaokatana na pini, katika urefu ule mtengenezaji aliouandika. Ukimwona mtu anapima kichwani, au anapima upande wa pini, chukua bloki yako uondoke. Atapata namba ndogo, achonge silinda ndogo, na gari litashika kwenye mlima wa kwanza.

Sasa madini. Karibu pistoni zote za magari madogo ni aluminiamu iliyochanganywa na silikoni. Zamani zilikuwa za chuma cha kusubu, nzito. Mwingereza W. O. Bentley, kabla hajaanza kuunda magari yenye jina lake, alikuwa akiuza magari ya Kifaransa ya DFP. Mwaka 1913 alikitembelea kiwanda hicho, akaona pistoni ndogo ya aluminiamu iliyowekwa mezani kama pambo la kukandamizia karatasi. Akaagiza pistoni za kweli, aluminiamu 88 kwa mia na shaba 12 kwa mia, na magari yake yakaanza kuwaacha wengine kwenye mashindano. Uzito ndio siri. Pistoni inasimama na kugeuka mara mbili kila krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka, na kila gramu unayopunguza ni mzigo unaoutoa kwenye konrodi na beringi.

Tatizo la aluminiamu ni kwamba inavimba karibu mara mbili ya chuma cha bloki inapopata moto. Silikoni ndiyo inayoituliza. Pistoni ya kawaida ina silikoni kama 12 kwa mia. Zipo zilizofikishwa 16 hadi 18, ambazo ni ngumu na hazivimbi sana, ila hupasuka upesi zikigongwa. Halafu kuna zile zilizofinyangwa kwa nguvu ya mashine badala ya kumiminwa kwenye kalibu. Vijana wa Subaru hapa mjini, hasa tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kukita kambi Naivasha, wananiulizia hizo kila mara. Ni nzuri kwa injini yenye tabo iliyoongezwa nguvu. Lakini aina nyingi zina silikoni kidogo, hivyo zinavimba zaidi na zinadai nafasi kubwa kwenye silinda. Injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga hadi zipate joto. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kurudi, naona ni kutupa pesa, na nawaambia hivyo ingawa faida ni yangu. Malori makubwa ya siku hizi yanatumia za chuma kigumu (stili), kwa sababu mgandamizo wa dizeli humo ndani umepita uwezo wa aluminiamu.

Umbo la kichwa nalo si pambo. Ya 5L karibu ni bapa, kwa kuwa dizeli yake huanza kuwaka kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, kifuniko cha juu ya bloki. Ya 2KD ya Hiace zilizofuata ina bakuli lililochimbwa juu, na nozeli inapuliza dizeli moja kwa moja humo. Kwenye dizeli nyingi pia, mfereji wa ringi ya kwanza (ringi ni pete za kuziba pengo kati ya pistoni na silinda) umewekewa pete ya chuma iliyoshikamana na aluminiamu, mafundi wanaiita alfini. Unaiona kama mstari wenye rangi tofauti ukiigeuza pistoni kwenye mwanga. Ukipewa pistoni ya dizeli ya bei ya chini na huuoni mstari huo ilhali ile kuukuu inao, irudishe. Mfereji wa aluminiamu tupu utaliwa na ringi mapema.

Kabla hujalipa, omba mizani ya gramu. Mimi ninayo kwenye kaunta. Weka pistoni moja moja: seti nzuri haitofautiani ila kwa gramu chache. Ikiwa moja imezidi wenzake waziwazi, hiyo seti imekusanywa kutoka maboksi tofauti, haidhuru plastiki yake inang'aa namna gani.

Na tafadhali usiziache kuukuu kwa fundi auze kwa wenye vyuma chakavu. Njoo nazo. Zinaeleza kilichoua injini, na usipokijua kitaziua na mpya. Mistari myembamba ya wima iliyozunguka sketi yote, na ringi ya kwanza inacheza kwenye mfereji wake, ni vumbi: filta ya hewa iliyopulizwa na kompresa hadi ikatoboka. Naona hii sana kwenye gari za Mau Narok na matrekta ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Mikwaruzo kwenye kona nne za sketi, kando ya pini, ni joto. Angalia redieta na pampu ya maji. Ukingo wa bakuli ulioyeyuka upande mmoja ni nozeli inayodondosha. Kuta zilizovunjika kati ya ringi kwenye injini ya petroli ni mwako wa kugonga, na mara nyingi petroli yenyewe ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua mchezo huo, lakini kujaza tangi kituo usichokijua bado ni kubahatisha.

Kuna kitu kimoja kinachosahaulika hata na mafundi wazuri. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, aloi hii, yaani mchanganyiko wake na silikoni, hata kabla ya hapo, na moto ulio juu yake unapita nyuzi 2,000. Pistoni inapona kwa sababu joto linapita kwenye ringi kuingia ukuta wa silinda na maji, na kwenye dizeli nyingi kuna vijibomba vinavyoirushia oili kutoka chini. Bloki ikioshwa na kubiringishwa huko kwa mashine, vijibomba hivyo hupindwa au huzibwa na chembe za chuma. Hakikisha vimepulizwa na vinaelekea palipokusudiwa kabla krenki haijarudishwa.

Ringi ziwekwe alama ikitazama juu, na pengo lake lipimwe kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia mapengo, ndani ya silinda yenyewe, ringi ikisukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Kwa ringi ya kwanza, hesabu kama sehemu ya kumi ya milimita kwa kila milimita 25 za kipenyo; kwa 5L inakuja kama milimita 0.4. Kitabu cha injini kikisema vingine, kifuate. Mshale wa kichwani utazame mbele ya injini.

Injini ikishawaka, usiiache ikinguruma uwanjani siku nzima eti inajizoesha. Ringi hukaa vizuri zikisukumwa ukutani na mgandamizo, na huo hauji bila mzigo wa wastani. Nenda Njoro urudi, nenda Gilgil. Mlima wa Sachangwan ukiwa na tani kamili usubiri hadi umwage oili ya kwanza, na ukiimwaga ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vyenye kona, zima gari na umwite fundi aliyeifunga.