Kulima mboga zako Mombasa: onja maji kwanza, mbegu baadaye

Watu huniuliza, kwani wewe mboga hununui? Nanunua, vitunguu nanunua, nyanya wakati wa jua kali nanunua, unga ndio usiseme. Kwa hivyo kama waingia kwenye mambo haya ukidhani utaliaga soko la Kongowea kabisa, punguza kidogo. Ila mboga za majani, mabenda (yaani bamia) na pilipili, hizo kwangu hapa Kisauni zatoka uani, na si haba.

Sasa kabla hujanunua hata pakiti moja ya mbegu, onja maji yako. Ndio, yaonje. Visima vingi vya huku vina chumvi, karibu na bahari ndio zaidi, na maharagwe hayaitaki chumvi, karoti haziitaki, vitunguu pia, utamwagilia na kumwagilia mpaka udhani umerogwa. Spinachi yastahimili. Maji yakiwa ya chumvi mwaga chini kwenye shina, sio juu ya majani manake yatababuka, na mvua ikinyesha kinga, mabati si unayo? Kununua mitungi ya mkokoteni ukamwagilie mchicha hiyo ni hasara, labda uoshee mchele kwanza halafu hayo ndio uyapeleke huko.

Ardhi nayo ina vituko vyake. Kwengine ukichimba kidogo jembe lalia kwenye jiwe la matumbawe, kwengine mchanga mtupu, maji hayakai. Usipigane nayo, inua tuta au tumia magunia, changanya udongo na samadi ya mbuzi, lakini iwe imeoza sawasawa, ile mbichi yaunguza miche.

Anza na mchicha na kunde. Najua kila mtu ataka sukuma wiki, lakini sukuma yapenda baridi, na joto la kaskazi la Januari mpaka Machi si mchezo. Mchicha wiki 3 au 4 ushaanza kuchuma. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga hivi hivi zitarundikana pahali pamoja, changanya na mchanga mkavu ndani ya bakuli, kisha nyunyiza kwa vidole polepole kwenye mstari, funika kidogo tu. Mabenda loweka usiku kucha ndio upande, kwenye miezi 2 hivi yazaa, na yakishaanza usiyaache, yakikaa siku chache yamekuwa kamba, hayaliki. Vaa mikono mirefu ukichuma, yawasha.

Wakati wa kuanza, mimi ningesema vuli, Oktoba na Novemba. Wengi wasubiri masika lakini mvua ya Mei ikija kwa fujo yasomba mbegu ndogo zote.

Wale wadudu wanaojazana chini ya jani la sukuma, usikimbilie dawa ya duka. Mwarobaini upo kila mtaa, twanga majani, loweka mpaka asubuhi, chuja, tia sabuni kidogo, jioni upulize chini ya majani, sio juu.

Na kama kiwanja si chako, zungumza na mwenyewe kabla hujamwaga samadi, muulize kabisa kama ana mpango wa kuuza. Uzio pia uwe tayari mapema, mbuzi wa mtaani hawana adabu hata kidogo. Halafu michicha miwili mitatu usiichume, iache itoe maua ikauke, ukung'utie mbegu kwenye leso, msimu ujao hununui tena.