Kabla ya kufuma darii, pima pete

Msomaji wa Biblia anaijua darii ya shaba ya Goliathi, vazi lake la kujikinga vitani. Msomaji wa Kurani anakumbuka Daudi alivyolainishiwa chuma, akaamriwa akadirie sawa katika kuunganisha pete za darii. Hapo kwenye kukadiria ndipo wengi wanaofuma shati la pete la Ulaya ya zama za kati, lile la kila pete kushika nyingine nne, wanapoharibu kazi mapema.

Gawanya kipenyo cha ndani cha pete kwa unene wa waya. Jibu la 5 ni zuri. Likikaribia 3 shati hukakamaa. Likipita 6 hulegea, na pete zisizo na ribiti (kijisumari cha kufungia ncha) huachia kwa uzito wa shati lenyewe. Waya wa geji 16 (milimita 1.6) ukizungushwa kwenye nondo laini ya milimita 8 hukupa 5 na ushei, maana springi, yaani waya uliokwisha kuzungushwa, ikiachiwa hutanuka kidogo. Mita moja hutoa pete kama 32. Shati la kufika mapajani, mikono mifupi, hula pete 18,000 hivi: mita 560 za waya, karibu kilo 9.

Springi ikate kwa msumeno wa meno madogo. Koleo la kukatia ni la haraka, lakini huacha ncha mbili zilizochongoka. Ukifunga pete, vichongo hugusana huku pembeni kumebaki mwanya, na pete jirani huchomokea hapohapo. Kufungua, shika kwa makoleo mawili, mkono mmoja usukume mbele na mwingine uvute nyuma. Ukizitanua ncha kushoto na kulia, duara halirudi tena. Wakati wa kufunga, pitisha ncha kidogo kisha zirudishe hadi uzisikie zikikwaruzana. Pitisha ukucha kwenye kiungo: ukinasa, rudia.

Ukishapata kipande cha kiganja, kining'inize kwenye msumari, kisha kigeuze robo duara. Upande mmoja hujikusanya na kuvutika kwa upana kama fulana. Upande wa pili hubaki wazi na hauvutiki. Shati livae upande unaovutika, mistari ya pete ikizunguka kiwiliwili, la sivyo kifua kitabana ukivuta pumzi.

Pete za kukutanisha ncha tu zinatosha kwa jukwaa. Mashati ya vita yalipigwa ribiti: ncha zilipondwa zikalaliana, zikatobolewa na kufungwa kwa msumari mdogo. Ukitaka njia hiyo, nunua waya wa chuma mtupu, kwa sababu lazima uupashe moto ulainike, na waya uliopakwa zinki ukichomwa hutoa moshi wa kudhuru.

Ndani vaa koti nene la matabaka. Pete huzuia makali, si kishindo cha rungu. Kisha funga mkanda kiunoni na uvute shati juu kidogo, lilalie mkanda. Bila hivyo kilo zote 9 ni za mabega.

Kutu iking'ang'ania chuma kitupu, tia shati kwenye pipa la mchanga mkavu, uvingirishe, kung'uta, upake mafuta.