Herufi za kizamani kwenye kibao cha duka

Ukipita mitaa ya Hurumzi au Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaviona vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa herufi za mapambo: miguu mipana, kivuli ubavuni, pengine na mstari mweupe ndani ya kila herufi. Nazipenda mno. Lakini kazi ya kutengeneza vibao imenifunza kwamba fonti hizi humteka mwenye duka kabla hajajiuliza kama mpita njia ataweza kuzisoma.

Asili yake ni mabango ya karne ya 19. Mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa katalogi ya herufi za mbao, kwa kuwa herufi za madini ya risasi zikiwa kubwa zilikuwa nzito na ghali. Zilikusudiwa maneno machache, tena makubwa. Basi jina la duka liandike kwa mapambo. "Viungo, kanga na mafuta ya karafuu" yaandikwe kwa fonti ya kawaida. Mteja aking'ang'ania mapambo mpaka kwenye namba ya simu, namchapishia karatasi, naibandika ukutani, tunarudi nyuma, kisha namwomba asome. Mara nyingi ubishi huishia hapo.

Usiridhike na sampuli ya muuzaji fonti. Andika jina lako wewe. Kiswahili kimejaa WA, YA na KWA, na W ikikaa na A huacha pengo ambalo kivuli hulizidisha. Zisogeze kwa mkono mpaka jicho liridhike. Halafu jaribu ng'. Fonti kadhaa za bure hazina ritifaa, yaani hiyo alama ya ('), kabisa; ukiandika Ng'ambo unapata kijisanduku kitupu, au programu inaazima ritifaa ya fonti nyingine, nyembamba, imekaa kama mgeni asiyealikwa. Nimewahi kuona kibao kizuri ajabu, rangi ya dhahabu juu ya kijani, kimeandikwa NGAMBO. Iliniuma. Ritifaa ikikosekana, ichore mwenyewe kutokana na mkia wa alama ya mkato ya fonti hiyohiyo.

Kwa ukubwa, mimi hukadiria sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Mtu anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara pale Darajani, mita 15 hivi, anahitaji herufi za sentimita 12 na ushei. Vichochoroni ukubwa huo si lazima, ila kibao kichomoze kutoka ukutani, maana watu wanapita sambamba na ukuta.

Soma na leseni. Fonti nyingi za bure ni za matumizi binafsi, na kibao cha duka ni biashara. Kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta yake isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine. Na kama duka liko Mji Mkongwe, usitoboe ukuta wa mawe na chokaa kabla hujaulizia kibali kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.