Seti za kuchora upya picha mashuhuri kwa watoto wanaosomea nyumbani: zipi zinafundisha na zipi zinajaza muda tu

Mzazi mwenzetu ameuliza kama seti zinazouzwa kwa ajili ya kuchora upya picha mashuhuri zinawafaa watoto wanaosomeshwa nyumbani, au ni vitabu vya kupaka rangi vilivyovishwa jina kubwa. Ameongeza kwamba ana watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 12, na kwamba hana nafasi ya kuandaa masomo matatu tofauti kwa asubuhi moja. Wanangu nimewasomesha nyumbani mwenyewe, na seti za namna nyingi zimepita mezani petu, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Kwa maoni yangu, seti inafaa pale inapompitisha mtoto katika njia aliyoipita mchoraji mwenyewe, au njia iliyo jirani nayo. Inapompa matokeo bila njia, inabaki kuwa kazi ya kutuliza mikono. Kazi ya namna hiyo haina ubaya wowote, ila isiingizwe kwenye ratiba kwa jina la somo la sanaa. Kwa kipimo hicho, seti nyingi zinazosifiwa kwenye matangazo huanguka, na chache zisizovutia macho dukani hupita.

Nianze na seti za namba, kwa kuwa ndizo zilizoenea zaidi. Ndani yake huwa na kanvasi iliyochapwa mistari na namba, vikopo vidogo vya akriliki vyenye namba hizohizo, na brashi chache nyembamba. Aina hii ilipata umaarufu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikibuniwa na Dan Robbins aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya rangi ya Palmer huko Detroit, na picha zake zilikuwa kwa ajili ya watu wazima waliotaka burudani ya nyumbani. Sasa chukua seti ya namba ya *Usiku wa Nyota* ya Vincent van Gogh. Picha yenyewe, aliyoichora Juni 1889 alipokuwa akitibiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, imejengwa kwa mistari mifupi minene ya rangi, mmoja ukifuata mwingine, yote ikizunguka pamoja na anga, na hiyo ndiyo sababu jicho linaona mwendo mahali ambapo hakuna kinachosogea. Seti hulikata anga hilo kuwa vipande vya namba 4, namba 7 na namba 11, na mtoto hujaza kila kipande kuanzia ukingoni kuelekea katikati, pumzi ameibana asije akavuka mstari. Akimaliza, anga limetulia tuli. Ametimiza kila alichoagizwa, lakini kuvuta brashi kufuata mzunguko, ambako ndiko kulikoifanya picha hiyo iwe ilivyo, hakukufanya hata mara moja.

Seti ya namna hiyo haihitaji kutupwa ikiwa tayari imenunuliwa. Kanvasi naipaka tabaka jembamba la rangi nyeupe mpaka namba zififie na mistari mikubwa tu ibaki ikionekana: mlima, mvinje, mnara wa kanisa, mizunguko ya angani. Karatasi ya ufunguo wa namba naiweka kabatini. Kabla ya kufungua rangi, mtoto hupitisha brashi kavu juu ya nakala ya picha, akifuata uelekeo wa kila mstari, mpaka mkono wenyewe uzoee njia. Kisha huanza kupaka kwa sharti moja kwamba hakuna kujaza, ni kuvuta tu. Rangi za vikopo mara nyingi huwa nyepesi mno kwa kazi hiyo, na njano ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo kwa anga na nyota ni bora kutumia akriliki nzito ya tyubu. Picha itakayotoka haitafanana sana na ile iliyo kwenye boksi, na baadhi ya watoto hukasirika kwa hilo, hasa waliofikia umri wa kujilinganisha.

Kwa watoto hao huwa naeleza alichokifanya van Gogh mwenyewe. Akiwa Saint-Rémy alichora nakala zipatazo 20 za kazi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, na alizichora akitazama chapa zisizo na rangi, hivyo rangi zote ilibidi azitoe kichwani mwake. Kazi hiyo aliifananisha na ya mwanamuziki anayepiga wimbo uliotungwa na mtu mwingine. Zoezi linalotokana na habari hiyo halihitaji seti yoyote: unachapa picha maarufu kwa rangi nyeusi na nyeupe, unampa mtoto wa miaka 12 bila kumwonyesha ile ya rangi, na unamwacha aamue mwenyewe. Mazungumzo yanayofuata mnapozilinganisha picha mbili kando kwa kando yana thamani kuliko kanvasi tatu za namba.

Kama ningeruhusiwa kuchagua picha moja kwa ajili ya familia yenye umri tofauti, ningechagua *Wimbi Kubwa la Kanagawa* la mchoraji wa Japani Katsushika Hokusai, la mwaka 1831 hivi, na seti ningechagua ya kuchapa, si ya kupaka. Watu wengi hudhani ni mchoro wa brashi, kumbe ni chapa ya mbao. Hokusai, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 70 hivi, alitoa mchoro. Wachongaji wakachonga vibao. Wachapaji wakapaka rangi na kuchapa. Na mchapishaji akagharamia na kuuza. Kazi ilikuwa imegawanywa tangu mwanzo, na mgawanyo huo ndio unaotatua tatizo la watoto watatu. Wa miaka 12 anapanga rangi na kuamua ni kibao kipi kitatangulia. Wa miaka 9 anachora kwa kukandamiza kalamu kwenye kibao laini cha foamu. Wa miaka 6 anasukuma rola na kukandamiza karatasi kwa kiganja. Patasi za kuchongea linoliamu, yaani shiti laini linalochongwa badala ya mbao, zinazokuja na seti za wakubwa ziwe za yule wa miaka 12 peke yake, na mkono usioshika kifaa ukae nyuma ya makali daima.

Kuna jambo litakalotokea katika chapa ya kwanza, nami nashauri mzazi asiliseme mapema. Mtoto ataiga wimbi kama anavyoliona, likiinuka upande wa kushoto na kuangukia kulia, atapaka wino, atakandamiza, na karatasi ikinyanyuliwa wimbi litakuwa limegeukia upande wa pili, na ule mlima Fuji mdogo uliokuwa kulia kidogo ya katikati umehamia kushoto. Mwanangu mmoja aliigeuza karatasi juu chini, akaizungusha, akaitazama kwa nyuma dhidi ya dirisha, na hapo kwa nyuma akaliona wimbi liko sawa. Alichukua karatasi angavu, akanakili mchoro, akaigeuza, akaanza kibao kipya. Hakuna maelezo ya kijitabu yangemfikisha hapo kwa haraka hivyo.

Changamoto inayofuata ni kuzifanya rangi mbili zikutane mahali pake. Wachapaji wa Japani walichonga alama mbili kwenye kila kibao, ziitwazo *kento*, moja ya pembeni na nyingine ya ubavuni, ili karatasi ikae palepale kila mara. Nyumbani vipande viwili vya kadibodi vilivyogundishwa kwenye ubao wa kuchapia vinatosha. Rangi yenyewe ina habari zake: buluu ile iliyokolea ni buluu ya Prussia, rangi ya viwandani iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kufikishwa Japani kwa meli, kwa hiyo picha ambayo dunia nzima inaitambua kuwa ya Kijapani ina rangi iliyotoka Ulaya. Hapo somo la jiografia limeingia lenyewe.

Faida nyingine ya Hokusai ni ukubwa. Chapa ya asili ina takriban sentimita 25 kwa 37, kwa hiyo mtoto anaweza kuifanya kwa ukubwa wake halisi. Kwa picha nyingi nyingine seti hudanganya bila kukusudia, kwa kuwa kila kitu hupunguzwa au kukuzwa mpaka kilingane na kanvasi ya kiwandani. *Mona Lisa* ya Leonardo da Vinci ina sentimita 77 kwa 53 tu, ilhali *Jumapili Alasiri katika Kisiwa cha La Grande Jatte* ya Georges Seurat ina zaidi ya mita 2 kwa mita 3. Shika utepe wa kupimia, pimeni mistatili hiyo sakafuni kwa chaki, na mwambie mtoto asimame ndani ya ule wa Seurat. Ataelewa kwa nini kazi hiyo ilichukua tangu 1884 hadi 1886.

Kwa Seurat nashauri msichore picha nzima. Aliijenga kwa nukta ndogondogo za rangi, na seti za nukta huwachosha watoto kabla hawajafika popote. Kateni dirisha la ukubwa wa kiganja kwenye karatasi, mliweke juu ya kipande kimoja cha nyasi, mkichore hicho tu kwa vijiti vya pamba. Kisha mjaribu nukta za njano na buluu zilizosongamana, mrudi nyuma mpaka zichanganyike machoni. Watoto hutegemea kuona kijani kinachong'aa kwa sababu ndivyo rangi hizo zinavyofanya zikichanganywa kwenye kibao cha kuchanganyia rangi, lakini nukta machoni hutoa rangi iliyofifia, ya kijivu zaidi. Nyasi za Seurat hazikutegemea mchanganyiko huo pekee. Nukta za kijani zenyewe zimo.

Picha za Leonardo na za Johannes Vermeer naziweka katika kundi la kutazamwa, si la kunakiliwa nzima. Uso wa *Msichana Mwenye Hereni ya Lulu* wa Vermeer, wa mwaka 1665 hivi, umejengwa kwa tabaka laini za rangi za mafuta ambazo akriliki ya seti haiwezi kuziigiza, na mtoto wa miaka 9 ataishia na uso unaomtisha mwenyewe. Lulu peke yake, hata hivyo, ni somo kamili. Ikuze picha uitazame: hereni haina kishikizo, haina hata mstari wa kuizunguka, kuna doa zito jeupe juu na mwanga hafifu wa ukosi chini, na vilivyobaki jicho linavijaza lenyewe. Mpe mtoto karatasi ya kijivu iliyokolea na rangi nyeupe, umwache atengeneze lulu kwa kugusa mara mbili.

Seti za vijiwe vya kubandika kwenye kanvasi yenye gundi sina la kuzisemea sana. Zinazoeza vidole na subira, na zinaishia hapo. Kwa mtoto wa miaka 6, kazi za mkasi za Henri Matisse, kama *Konokono* ya 1953, zinamfaa zaidi. Matisse alitumia karatasi ambazo wasaidizi wake walizipaka rangi kwanza, ndipo yeye akazikata. Pakeni karatasi rangi siku moja, mkate na kubandika siku ya pili.

Kuhusu ununuzi, tazama kama boksi lina alama ya usalama, mfano AP ya Marekani au EN 71 ya Ulaya, na usitegemee brashi zilizomo, kwani nywele zake hung'oka na kubaki kwenye rangi. Akriliki ikikauka kwenye nguo haitoki. Picha za kuigia hazihitaji kununuliwa: makumbusho kama Rijksmuseum, The Met na Art Institute of Chicago hutoa bure kwenye intaneti picha zenye ubora mkubwa za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Nyuma ya kila kazi mtoto aandike jina lake na maneno "kutoka kwa" pamoja na jina la mchoraji. Makumbusho ya Louvre ya Paris huwataka wanaonakili picha zake kutumia kanvasi yenye vipimo tofauti na vya picha ya asili. Kwa wimbi la Hokusai la mezani petu, sharti hilo nimelisamehe.

Kwa watoto watatu ulionao, nunua kwanza seti moja ya kuchapa yenye rola, vibao vya foamu na wino unaooshwa kwa maji. Seti ya namba isubiri mpaka yule wa miaka 12 aiombe mwenyewe.