Omba daftari la hisabati kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: shule ya msingi isiyombana mtoto inamfaa au inamlemaza? Inamfaa, ila mzazi ajue kwanza shule hiyo imempunguzia mtoto nini.

Piga hesabu ya usingizi. Mtoto anayefuatwa na gari la shule saa 11 alfajiri huamshwa saa 10 na nusu. Anarudi jioni, anaoga, anakula, anamaliza maswali 40 ya kazi ya nyumbani, analala saa 4 usiku. Hizo ni saa sita na nusu, wakati mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Akisinzia darasani anaitwa mvivu, kisha analipiwa twisheni ya Jumamosi! Shule inayoondoa mzigo huo pamoja na ile karatasi ya "wa 34 kati ya 52" ukutani haijamdekeza mtu. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023.

Shida ni shule zilizopunguza hata kusahihisha madaftari. Ukienda kuangalia shule, usiishie kwenye bembea. Omba daftari la hisabati la darasa la tatu, utafute hesabu ya kutoa yenye sifuri katikati, mfano 304 − 178. Asiyejua kukopa panapokuwa na sifuri hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu, anapata 274 badala ya 126. Ukikuta alama ya kosa na chini yake masahihisho kwa mwandiko wa mtoto, hapo wanafundisha. Ukikuta alama nyekundu ya vema pembeni ya 274, aga uondoke.

Kusoma kupime nyumbani, kwa kitabu asichowahi kukiona, dakika moja. Wa darasa la pili akifikisha maneno 50 sahihi ya Kiswahili na kueleza alichosoma, yuko vizuri. Ziba picha lakini. Wengi "husoma" ng'ombe kwa kumwona pembe.

Darasa la nne ndipo pagumu. Upimaji wa kitaifa haujali utaratibu wa shule, na asiyefaulu hukariri darasa. Shule iliyotulia miaka mitatu huingiwa na hofu, ikaanzisha kambi ya usiku kwa watoto ambao hawajawahi kujibu maswali kwa muda uliopangwa. Heri waanze darasa la tatu: jaribio moja la dakika 40 kwa mwezi, lisahihishwe pamoja siku inayofuata, alama wazione mtoto, mwalimu na mzazi basi.

Kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu mkuu: mtoto wa darasa la kwanza ambaye Machi hajui kuunganisha silabi, Aprili anafanyiwa nini? Akikujibu "kila mtoto ana wakati wake" bila kukutajia mwalimu, siku wala dakika, tafuta shule nyingine.

Mzazi, Dar es Salaam